Rimu za Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ushindi! Baba mkwe, Mzee Aminieli, amenikabidhi gari lake. Jumamosi nitambeba bibi harusi, shemeji yangu Brenda. Kaka yake, Mathew, alitaka aendeshe yeye. Amenuna! Nikizunguka kiplefti mjini Moshi nikamwona kando ya barabara. Nikampungia mkono kwa madaha. Rimu ya mbele ikakwaruza ukingo. Kumbe hakuwa Mathew.

Jumanne, 10 Juni
Siendi kwa fundi. Mafundi wote wanamjua mzee; habari itafika kwake Marangu kabla yangu, na usukani utakuwa wa Mathew. Nimenunua msasa, puti ya kuziba mikwaruzo na kopo la rangi ya silva. Nimesugua nyuma ya nyumba. Rimu moja ikazidi zile tatu kwa weupe. Nimezisugua zote. Mke wangu Kindness kauliza kulikoni. Nikasema napenda usafi. Kanitazama sana.

Alhamisi, 12 Juni
Siku ya rangi. Matairi lazima yafunikwe. Wenzangu hutumia magazeti. Magazeti ya nini na migomba ipo? Nimefunika kwa majani ya mgomba, nimepuliza. Kazi safi! Majani nikayalundika pembeni, nikaenda kuoga. Kindness akayaona, akampelekea ng'ombe, kama kila siku. Ng'ombe kayatema, mzima wa afya. Ila mdomo wote silva! Nimemsugua kwa sabuni. Kanipiga teke.

Ijumaa, 13 Juni
Mzee kaja na Mathew. Nikatoa shikamoo mara mbili. Kakagua rimu, karidhika. Kisha akataka kumwona ng'ombe, maana yeye ndiye aliyetupatia. Nikasema kalala. Ng'ombe akalia. Mzee kauliza ana nini mdomoni. Nikasema ni ugonjwa wa kule tambarare. Mathew akamtazama ng'ombe, akatazama rimu, akamtazama tena ng'ombe. Nikaungama.

Kindness akachuma jani la isale, akanipa nimpelekee baba yake. Kwetu Wachagga, ukiombwa radhi kwa isale hukatai. Mzee kapokea, kasema yamekwisha. Ufunguo kampa Mathew. Imeniuma sana.

Jumamosi, 14 Juni
Mathew kaendesha. Mimi nyuma ya pikapu iliyowafuata, nimeshikilia keki. Kwenye geti la kanisa kaparuza mlango mzima wa gari! Mzee alikuwa ndani ya kanisa, hajaona. Mathew kanijia machozi yakimlengalenga. Nimemwambia atulie, kesho baada ya ibada alilete nyumbani. Silva imebaki nusu kopo. Gari ni jeupe, lakini kwa mbali nani atajua?