Waya wa Kiume, Waya wa Kike

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba ameamua. Goti lake halitaki tena kupiga kiki, kwa hiyo pikipiki ihame. Shemeji, mume wa dada, ameshaiomba. Eti anaionea huruma. Mimi naipenda tangu miguu yangu ilipokuwa haifiki chini. Nikamwambia Baba hivyo. Baba akasema mapenzi hayachomi petroli.

Kisha, kwa haki, akatoa sharti. Jumapili niipande hadi kwenye tangi la maji kule kilimani na kurudi. Nikirudi juu yake, yangu. Nikirudi ninaisukuma, ya Shemeji.

Shemeji akaniuliza kama nina viatu vya kusukumia.

Shida inajulikana: injini inamisi. Inakohoa, inajikaza, inakata tamaa. Jioni nimejifungia nayo bandani, nikaziba dirisha kwa gunia, nikaiwasha. Cheche za buluu zilikuwa zinatambaa juu ya nyaya za plagi kama siafu. Gamba la nyaya limepasuka kama kisigino cha kiangazi. Umeme unavuja kabla ya kufika kwenye plagi.

Nitabadilisha nyaya. Peke yangu. Kimya kimya. Jumapili watashangaa.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda dukani. Nikaomba waya wa plagi. Muuzaji akauliza wa nini. Swali la kudhalilisha. Nikamjibu kwamba ninajua ninachotaka, tena nataka mbili. Akafunga kwenye gazeti, nami nikaondoka nikiwa nimenyooka.

Nyumbani nikafungua. Nyaya mbili za pasi, kila mmoja na plagi yake ya ukutani.

Shemeji alikuwepo. Huwa yupo. Akauliza kama pikipiki itakuwa inachajiwa sebuleni au chumbani kwangu. Nikasema nimemnunulia Mama. Mama akafurahi sana; pasi yake ilikuwa imekufa tangu mwaka jana. Akanibariki. Kisha akataka kujua wa pili ni wa nini. Nikasema wa akiba.

Jumatano, tarehe 5

Duka jingine, la vipuri. Nyaya sahihi, nene, nyeusi, na kofia zake za mpira. Sikusema neno. Nilinyoosha kidole tu. Nimeona kidole kinaheshimika kuliko maswali.

Pia nimejaribu siasa. Nilimpelekea Shemeji chai, nikamweleza kwa masikitiko kwamba pikipiki ile inakula oili, inachoma paja, na ina mkosi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kibaya chajitembeza, sasa hiki mbona nakificha? Kabla hajaja alikuwa anaitaka kidogo. Alipoondoka alikuwa anaitaka sana. Na chai alikunywa.

Alhamisi, tarehe 6

Nimevua tangi la mafuta. Chini yake kuna koili mbili za umeme wa cheche, moja mbele, moja nyuma, na kila moja inapeleka waya wake kwenye silinda yake. Nilichomoa nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa furaha. Baadaye ndipo nilipojiuliza upi ulikuwa unakwenda wapi.

Baba, kutoka kwenye kiti chake barazani, bila kuinua macho, akasema waya wa mbele uende kiume, wa nyuma uende kike. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anahakikisha tu.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Kwa nini mashine iwe na jinsia? Nani aliigawa? Nimeandika kurasa mbili juu ya suala hili, nadhani ni kurasa nzuri. Mama alipita na ndoo, akaniona nimeganda na bisibisi mkononi. Akasema kuuliza si ujinga. Hiyo ni methali ya watu wanaouliza.

Mwishowe nikapata ufumbuzi. Bomba la moshi la kushoto ni nene, sauti yake nzito. La kulia Baba alilibadilisha zamani, ni jembamba, sauti yake nyororo. Basi kushoto ni kiume, kulia ni kike. Waya wa mbele nikaupeleka kushoto. Nyumba haina mtu mwingine ambaye angefikia hapo.

Ijumaa, tarehe 7

Nimepiga kiki. Pikipiki ikapiga bunduki.

Mara ya kwanza mlango wa banda ulifunguka wenyewe. Mara ya pili moshi ulitokea mbele, mahali ambapo moshi hautakiwi kutokea. Jirani akauliza juu ya ukuta kama tuko salama. Baba akamjibu kuwa tuko salama, ni elimu ya juu tu.

Alasiri Mama aliniita nimsaidie kuhamisha kabati. Akasema yeye atashika kike, mimi nishike kiume. Nikasimama. Nikalitazama kabati. Halina sauti nzito popote. Mama akanipiga kofi dogo kwenye mkono wa kulia: si huu hapa, mwanangu, ulikuwa unakula kwa upi siku zote?

Mkono wa kiume. Mkono wa kike. Kulia na kushoto. Basi.

Nikaliacha kabati katikati ya mlango. Mama bado analizungumzia.

Jumamosi, tarehe 8

Wa mbele kulia, wa nyuma kushoto. Kiki moja. Ikanguruma, kisha ikatulia, ikawa inahesabu sawasawa kama mwalimu mzuri wa hesabu. Nikaziba dirisha kwa gunia tena. Hakuna cheche hata moja juu ya nyaya. Nilikaa pale gizani naisikiliza, na nakiri macho yalinilowa. Inawezekana ni moshi.

Nimetafakari kosa langu. Nililifasiri neno la Baba kupita kiasi. Yeye ni mtu wa maneno halisi: akisema kiume, ni mkono wa kiume. Kuanzia leo nitafanya kile hasa anachosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Jumapili, tarehe 9

Shemeji alikuja na kamba ya kuvutia. Dada alimwambia aifiche. Akaikalia.

Baba akasimama kwenye geti, akashika kioo cha pikipiki kama anavyoshika bega la mtu anayesafiri. Akasema wakati wa kupanda nivute mafuta, nisiogope. Nikianza kushuka, nifunge mafuta. Nilikuwa na swali moja dogo. Shemeji alikuwa anasikiliza. Likabaki tumboni.

Kupanda kulikuwa raha tupu. Haikukohoa hata kidogo. Upepo ukanijaa mikononi. Nilipolizunguka tangi la maji nilikuwa naimba.

Mteremko ulipoanza, nikafunga mafuta. Nikainama, nikapapasa chini ya tangi, nikaifunga koki ya mafuta. Nikashuka kwa amani, injini ikiunguruma taratibu. Barabara ikanyooka. Nikaona geti. Nikaona Baba amesimama. Nikaona hata meno ya Dada. Hapo pikipiki ikasema puh, ikanyamaza.

Niliisukuma mbele ya watu wote.

Shemeji hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Aliinama, akagusa kitu kwa kidole kimoja, akapiga kiki, ikawaka. Akasema pole, shemeji yangu. Baba akampa Shemeji ufunguo. Sharti ni sharti. Kamba haikutumika, waliondoka wameipanda wote wawili, Dada amekaa nyuma na ile kamba mapajani.

Jumatatu, tarehe 10

Banda ni tupu na kubwa mno. Pale iliposimama pamebaki doa la oili.

Dada amepiga simu. Anasema Shemeji alichofanya ni kufungua koki tu, na wote wanajiuliza nani aliifunga. Nikasema mtandao unasumbua.

Baadaye Baba akaja, akakaa kwenye ndoo, akaniuliza kwa upole kama jana nilielewa alichosema. Mkono wake wa kulia ulikuwa unazungusha hewa polepole, kama mtu anayerudisha nyuma mkono wa mafuta wa pikipiki. Nilimwambia nimeelewa vizuri sana. Akasubiri kidogo. Akaondoka.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima, hatua kwa hatua. Koki niliifunga kwa agizo la Baba. Agizo la Baba haliwezi kuizima pikipiki ya Baba. Kwa hiyo koki haihusiki. Kinachobaki ni nyaya. Nilizikata fupi mno. Kwenye mteremko umeme haukufika.

Nimemwambia Dada kwamba Ijumaa nitakuja kulala kwao, nimemkumbuka. Akafurahi. Mkoba uko tayari: nguo za kulalia, bisibisi, koleo, na nyaya mpya mbili.

Ndefu.