Nyuma ya Kabati

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kasafiri asubuhi kumfuata mama yake. Watarudi Jumamosi. Mama mkwe kwetu! Haijawahi kutokea. Miaka yote hufikia kwa shemeji, kaka wa mke wangu, eti kwake kuna hewa na kuta zinang'aa. Safari hii kabembelezwa mpaka kakubali kuja kulala usiku mmoja, apaone. Akipapenda, atakaa mwezi mzima. Asipopapenda, Jumapili shemeji anakuja na gari kumchukua. Mke wangu alinieleza haya getini huku machozi yakimlengalenga. Akaniomba chumba cha wageni kipakwe rangi, na nimwite fundi.

Fundi wa nini? Mikono ninayo.

Mchana nikaenda duka la vifaa. Rangi ya krimu, kopo moja. Brashi moja. Muuzaji akauliza kama nina msasa. Sina. Puti ya kuziba nyufa? Sina. Praima, ile rangi ya kwanza ya kushibisha ukuta? Rola? Tepu ya pembeni? Turubai la sakafuni? Kila nikitikisa kichwa, yeye anaweka kitu juu ya kaunta. Nikamwambia nimekuja kupaka chumba, sikuja kufungua duka. Wateja walicheka. Nimempa jina: Bwana Msasa. Nikatoka na kopo langu, kifua mbele.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imeanza. Vumbi la ukutani nimelipangusa kwa fulana. Ngazi sina. Shemeji anayo, ya alumini, inakunjwa. Lakini nikiiomba atajua, na akijua atakuja kusimama mlangoni, mikono mfukoni. Nimepandisha stuli juu ya meza. Iko imara kabisa, mradi usivute pumzi.

Jambo la ajabu: ukuta unakunywa rangi. Napaka, nageuka kuchovya brashi, nikirudi pamekauka na doa la zamani linanichungulia. Napaka tena. Unakunywa tena. Kopo limefika nusu na sijamaliza upande wa dirisha.

Sakafuni nimetandika shuka nililolikuta kabatini, jeupe, zito. Hakuna tone lililopita. Turubai! Bwana Msasa angeona.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu kapiga simu kuuliza fundi anaendeleaje. Nikamwambia ni mtu msafi sana. Akafurahi. Akanikumbusha nisisahau kutandika lile shuka jeupe lenye maua, alilolidarizi mama yake kwa mkono wake mwenyewe.

Nikatazama chini. Maua yapo. Nilikuwa nimelikanyaga moja.

Nimelifua kwa sabuni ya unga. Kwa maji ya moto. Kwa mafuta ya taa. Sasa ni shuka la krimu linalonuka mafuta ya taa.

Alhamisi, 7 Machi

Kopo tupu! Ukuta wa mwisho umebaki karibu wote. Nirudi dukani? Bwana Msasa ataniuliza kama niliushibisha ukuta. Aa, bora nihame nyumba.

Nilikaa nikawaza mpaka chai ikapoa. Kisha nikalitazama kabati la nguo, nalo likanitazama. Kabati pana, linasimama ukuta huo huo. Nani atatazama nyuma ya kabati? Nikakwangua kopo, nikaongeza maji, nikapaka kulia na kushoto kwa kabati na juu yake. Nyuma nikapaacha vilevile. Na shuka je? Nikalisokomeza huko huko nyuma. Limebana vizuri. Matatizo mawili, kabati moja. Wengine tumezaliwa na akili.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepumzika. Rangi imegandisha swichi, taa ya chumbani haizimiki. Si neno. Mama mkwe atapenda mwanga.

Jumamosi, 9 Machi

Wamefika. Mama mkwe alisimama katikati ya chumba, akageuka polepole, akagusa ukuta kwa kidole. Akasema chumba kina nuru. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane. Nilijisikia vizuri mno.

Kisha mama akasema yeye hupenda kulala akitazama dirisha, kwa hiyo kitanda kikae pale penye kabati, na kabati lihamie kule.

Nikasema kabati ni zito, mama, litaumiza mtu mgongo. Nikasema lina mchwa. Nikasema limegandana na ukuta. Hilo la mwisho kumbe lilikuwa kweli. Mke wangu akashika upande mmoja, mama yake akaegemeza bega upande wa pili. Kraa! Likabanduka.

Ukutani pakabaki kabati lingine, la uchafu, pembe zake zote nne. Shuka likaporomoka taratibu mpaka miguuni pa mama mkwe. Akaliokota. Akalinusa.

Mke wangu akaketi kitandani, akafunika uso kwa mikono. Hapo roho iliniuma. Miaka yote anamuomba mama yake aje, halafu mimi ndiye namfukuza kwa brashi! Nikasema yote: fundi hayupo, fundi ni mimi. Mama mkwe akajibu kwamba hilo alishaliona kwenye swichi.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaja mapema na gari. Kasimama mlangoni, mikono mfukoni, meno nje. Akamwambia mama achukue mkoba waondoke.

Mama akamuuliza, mbele yetu sote, kwake nyuma ya kabati la vyombo pamepakwa rangi gani. Shemeji akatazama viatu vyake. Meno yakarudi ndani.

"Kwako, mwanangu, naketishwa kwenye kochi kama pambo," mama akasema. "Hapa angalau kuna kazi. Kalete ngazi."

Anabaki! Mwezi mzima! Mke wangu alicheka na kulia kwa pamoja, akaniegemea begani. Nikatumwa kwa Bwana Msasa. Hakuniuliza kitu. Aliweka vyote juu ya kaunta, kuanzia msasa mpaka rola, na kopo jipya la rangi, akanifungulia mlango.

Shuka mama kalitandika sakafuni mwenyewe, akisema sasa ni turubai, basi lifanye kazi ya turubai. Yeye anasugua ukuta, mke wangu anaziba nyufa, shemeji yuko juu ya ngazi. Mimi nimekatazwa kushika brashi. Nimekuja jikoni kuandika haya na kulitafakari kosa langu.

Nimeliona. Kabati lilikuwa jepesi mno.

Sasa, kuta za jikoni nazo zimechoka, na kule chumbani rangi itabaki kidogo. Kwa ukuta wote haitatosha. Lakini kuna friji, kubwa, haijasogezwa tangu tuhamie. Nani atasogeza friji?