Nimeshiba, Mama

Jumatatu, 5 Mei

Nyaramba. Mvua tangu alasiri. Nimefika kwa kina Mose, mwanamume atakayenioa Mungu akipenda na shangazi yake akikubali. Yeye yuko kazini Mombasa. Mimi nimekuja kuchimba udongo wa mashamba ya majani chai kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilitaka kupanga chumba sokoni. Mama Mose alikataa katakata. Alisema nyumba ipo, kitanda kipo, nataka watu wamcheke? Basi nalala kwa Nyanya Mong'ina, mama mzazi wa Mzee Ogari, baba yake Mose, katika ile nyumba ndogo uani.

Shangazi Nyasani, dada mkubwa wa Mzee, anakuja Jumapili kunitazama. Neno lake ndilo litakaloamua kama wazee watakwenda kwetu Nakuru kuniposa. Mose aliniambia nisiogope. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeogopa.

Siogopi. Nimejiandaa. Kigusii changu ni cha kuombea maji tu, lakini nimesoma kitabu cha mila za Wagusii. Kuna sura nzima kuhusu chinsoni, ile haya ya heshima kati ya wakwe: mkamwana na baba mkwe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, wala hawaonani wakila. Niliipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kitabu ni cha maktaba. Ilikuwa lazima.

Chakula cha jioni, saa moja. Meza moja, watu wote! Mzee mbele yangu kabisa! Ugali wa wimbi, kuku, na chinsaga, ile mboga chungu inayolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukubali kutulia. Nilikula matonge mawili nikikitazama kitambaa cha meza. Nikasema nimeshiba, Mama. Mama Mose akauliza nimeshiba nini, hewa? Mzee akakohoa, akasukuma sahani yake, akasema hata yeye ameshiba.

Ushindi mkubwa.

Saa tano usiku. Nakufa njaa.

Jumanne, 6 Mei

Jana usiku nilikwenda sokoni kutafuta chakula. Nilitoka kwa kunyata. Waziri, mbwa wa boma hili, hakubali kunyata. Alinisindikiza akibweka hadi barabarani, na kila boma tulilolipita mbwa wake akamjibu. Nadhani sasa Nyaramba yote inajua mkamwana wa Ogari hutembea usiku.

Soko limefungwa lote. Huku mtu akishafunga ng'ombe na kula, amemaliza siku. Hoteli giza. Kibanda cha chipsi giza, na harufu ya mafuta ya jana imebaki mlangoni kwa kunikejeli. Taa moja tu: duka la dawa. Nilimwambia muuza dawa nina udhaifu wa mwili. Aliniuzia glukosi ya unga. Nimeilamba kitandani chini ya blanketi.

Nyanya aliniuliza kutoka kitanda chake ninalamba nini. Nikasema nasali. Akasema basi niendelee, ila nisimmalize Mungu.

Matonge mawili tena leo jioni. Mzee naye mawili. Nidhamu yake inanipa moyo.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata! Kituo cha kupimia majani chai! Msimu huu wa mvua majani ni mengi na lori la kiwanda linakwama kwenye tope, kwa hiyo wakulima hukaa pale na magunia yao mpaka usiku. Penye watu wenye njaa pana Mama Ismael, mfanyabiashara wa kutoka Kisii mjini, na jiko lake, na maandazi yake, na sufuria ya maharagwe!

Nilimwambia Nyanya kwamba utafiti wangu unanitaka nipime unyevu wa majani usiku. Aliuliza kama majani nayo hula chakula cha jioni. Nyanya ana ruhusa ya kunitania. Kitabu kinasema hivyo: bibi na wajukuu hawana chinsoni. Lakini hakikusema atatania hivi.

Nilimhonga Waziri kwa kipande cha mkate. Nikafika. Nikala andazi la kwanza nimesimama. La pili nikafumba macho. Nilipoyafumbua nikamwona mwanamume nyuma ya mizani, amevaa gambuti na koti la mvua, kofia imemfunika hadi puani, anakula maandazi kama mtu anayekimbizwa.

Mzee Ogari!

Tulitazamana. Usoni! Yeye akageukia ukuta. Mimi nikaingia chini ya meza. Mama Ismael akauliza kwa sauti ya kusikika na kituo kizima, jamani, kuna nyoka? Nilitoka kinyumenyume hadi barabarani.

Nimewaza usiku kucha. Mzee mwenye nyumba, mke mpishi hodari, atafute nini pale? Jibu ni moja. Ananipeleleza kwa ajili ya Shangazi Nyasani.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya. Mama Mose amepika chapati. Na matoke. Na mayai, na mchuzi wa njugu ambao Mose huutaja hata usingizini. Nimeshiba, Mama. Mzee: ameshiba. Mama Mose hakuuliza kitu safari hii. Alifunika sahani tu.

Baadaye nilimsikia kwenye tangi la maji akizungumza na Nyanya. Alisema mkono wake umeharibika. Alisema msichana ni msomi, pengine chakula cha hapa kinamtia kichefuchefu, hilo angelivumilia. Lakini sasa hata Ogari, aliyekula chakula chake tangu wakiwa vijana, anaacha sahani nusu. Nyanya akasema mwanamke, weka ndoo chini kwanza.

Mimi nilikuwa nyuma ya migomba na jembe langu la utafiti. Nililia kidogo. Ninampenda Mama huyu. Ana namna ya kunifunga shuka mabegani kabla sijajua nasikia baridi. Nilitaka kutoka nimwambie kila kitu. Lakini Jumapili! Mkamwana aliyekiuka chinsoni wiki ya kwanza! Nikabuni mpango mpole zaidi: sifa. Nikamfuata jikoni, nikazisifu chapati zake kwa urefu, tabaka kwa tabaka. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, sasa mbona umeziacha?

Nikaenda kukipekua kitabu. Sura haina jibu.

Kituoni Mzee hakuwepo. Mama Ismael alinipa chapati na maharagwe yamefungwa, moto. Akasema yameshalipiwa. Na nani? Akasema mzee mmoja wa gambuti, ameshaenda zake, aliona afadhali asionekane. Kisha akasema na mimi nipunguze kujificha chini ya meza yake, ina msumari.

Hongo. Ananinyamazisha. (Yalikuwa matamu mno.)

Ijumaa, 9 Mei

Nilisahau Sabato huanza Ijumaa jua likizama! Familia hii ni Wasabato, na jirani pia, na jirani wa jirani. Leo lori limechukua majani mapema, Mama Ismael amerudi mjini, jua limezama na mioto yote imezimwa. Tulikula kabla ya giza, vyakula vilivyopikwa mchana. Matonge mawili. Mjinga mimi!

Yafuatayo nayaandika usiku wa manane.

Usiku niliingia jikoni kwa Nyanya. Najua anafukia chungu kwenye jivu la moto ili kesho asipike. Nimefunua. Matoke na chinsaga. Mkono umo ndani ya chungu. Mlango ukagongwa. Sauti ya Mzee, ya chini kama ya mtoto aliyevunja kitu, ikaita, Mama, umelala?

Nikaruka nyuma ya kuni. Nyanya akatokea na koroboi, akamfungulia. Akamuuliza mwanamume mzima, mwenye mvi, mzee wa kanisa, anatafuta nini jikoni kwa mamake usiku wa Sabato. Mzee akasema njaa. Akasema msichana wa watu ana haya kubwa, hawezi kula yeye akiwepo, na yeye akimwona anavyoteseka chakula kinamkwama. Angehamia meza nyingine, lakini msichana angedhani anachukiwa. Kwa hiyo amekuwa akishiba mapema ili meza iishe upesi.

Kuni zikaanguka. Zote.

Nyanya alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee akageukia mlango. Mimi nikajifunika kanga usoni. Nyanya akasema loo, nyumba hii ina watu wazima wawili, na wote wapumbavu. Kisha akapuliza koroboi.

Giza totoro. Akasema, haya, nani anamwona nani? Kuleni.

Tukala. Bakuli mbili, Nyanya katikati. Nilimsikia baba mkwe wangu akitafuna. Kisha akasema, kwa giza na si kwangu, kwamba chinsaga ni nzuri. Nikasema ndiyo, Mzee. Akauliza kama udongo wa kwake ni mzuri pia. Nikasema una tindikali inayofaa chai sana. Akasema asante, kana kwamba nimemsifia mtoto. Halafu akasema Mama Mose analia usiku. Nikasema najua. Tukakubaliana, kila mmoja akiongea na ukuta wake: Jumapili tutakula mezani, sahani nzima, liwe liwalo.

Jumapili, 11 Mei

Shangazi Nyasani amefika. Mwanamke mpana, miwani kifuani, macho ya mnunuzi wa ng'ombe. Meza imejaa. Mama Mose mikono imekunjwa, hapumui.

Nilijaza sahani. Nilikusudia kabisa! Tonge la kwanza. La pili. Nikainua macho kwa bahati mbaya. Mzee naye ameinua. Nikalirudisha tonge la tatu sahanini.

Nimeshiba, Mama.

Mzee akakohoa. Hata yeye.

Nikamtazama Mama Mose, tayari kuona moyo wake ukivunjika mbele ya mgeni. Lakini alikuwa anang'ata midomo. Mabega yanacheka! Nyanya amemwambia! Akachukua sahani zetu mbili, akazifunika vizuri, akamwagiza Nyanya azipeleke jikoni kwake. Aliponipita alinifunga shuka mabegani. Akaninong'oneza kwamba ameongeza mchuzi wa njugu.

Shangazi Nyasani alivaa miwani. Akasema yeye ameolewa miaka mingi na hajaona tena mkamwana mwenye haya kama hii. Alidhani ilikufa na mama zao. Akasema wazee watakwenda Nakuru. Akasema pia nimekonda, nilishwe.

Nimefaulu! Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Kitabu hakikukosea hata mstari. Kuanzia kesho sinywi hata chai mbele ya Mzee, na nitaanza sura ya mashemeji.

Niko jikoni kwa Nyanya na sahani mbili zilizofunikwa. Waziri amebweka mara moja, kisha kimya. Amehongwa. Nasikia gambuti kwenye tope.

Nazima taa.