Ruta Yangu Ilivyomkataa Bwana Harusi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya familia mbili kwa mpigo, na moja ni yangu.

Ni hivi. Leo dada yangu mdogo, Solange, alikuwa anaposwa hapa kwetu Gisenyi. Msemaji wa familia yetu ni Mjomba Anaclet wa Goma, yeye ndiye mwenye mdomo. Sasa wiki jana Mjomba kavunjika mguu, na mpaka wa Petite Barrière unavukwa kwa miguu. Wazee wakaamua ataongea kwa video. Kompyuta itawekwa mezani, chini ya hema.

Shida, hema liko uani na wifi ya sebuleni haifiki huko. Mama akasema tununue kifaa cha kuisogeza. Nikacheka. (Nilikuwa najicheka mwenyewe, sema sikujua.)

"Mama, juu ya kabati kuna ruta ya zamani. Ninaigeuza iwe kituo cha pili cha wifi. Bure!"

"We unajua hiyo kazi?"

"Mama! Nimeangalia video mbili."

Ukweli ni moja na nusu. Ile nusu niliyoiruka ndiyo iliyosema: ruta ya zamani izimwe ule mtambo wake wa kugawia simu namba za mtandao, maana kazi hiyo inafanywa na ruta kubwa. Mimi sikuzima kitu. Nikavuta waya, nikaupitisha dirishani, nikachomeka. Mjomba huyo hapo kwenye skrini! Kavaa koti, mguu wa plasta kauweka juu ya kiti. Nikazunguka uani kifua mbele.

Saa nane wakwe wakafika kutoka Nyamyumba, wakakaa. Mnajua mambo ya kuposa kwetu. Msemaji wa upande wa msichana lazima akatae kwanza. Anawatania wakwe, anaapa hajawahi kuwaona, mpaka watu wavunjike mbavu. Halafu anakubali na binti anaitwa atoke.

Mimi wakati huo napita kwenye viti nikigawa nywila. "Karibuni wifi, karibuni!" Nani aliniomba? Hakuna.

Mjomba akawaka. "Nyinyi munatoka wapi? Mi siwajue! Huyu mutoto hatumutoe! Hata leo, hata kesho! Kwa sababu..."

Akaganda. Kidole juu, mdomo wazi, macho makali.

Mwanzoni watu walicheka. Kisha wakaingoja ile sababu. Haikuja.

Nikampigia simu, akakata. Nikapiga tena, akakata. (Alidhani kuna mjinga anamsumbua katikati ya sherehe. Hakukosea.) Nitumie data? Bando nililiacha liishe. Mtu ana ruta mbili, bando la nini!

Shangazi mmoja wa wakwe akamuuliza jirani yake, sauti ikafika hadi jikoni: "Ni mchezo, ao banatukataa kweli?" Baba mkwe akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Simu yangu ikatetemeka. Meseji ya Solange kutoka chumbani: "Kaka, wakiondoka hawa, na wewe unahama hii nyumba leo."

Nikachomoa waya. Spika za muziki zikafa. (Haukuwa waya wa ruta.) Yebabawe! Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Ndipo akainuka bwana harusi mwenyewe, Patrice. Siku ya kuposa bwana harusi haongei, hafanyi kazi, anakaa tu atazamwe. Huyu akakunja vazi lake jeupe, akapiga magoti, akaingia chini ya meza nilipokuwa nimeficha ruta. Nikamfuata.

"Shemeji," akaninong'oneza, "hii ya zamani, uliizimisha isigawe namba?"

"Isigawe nini?"

Akakohoa kidogo. Kwa heshima, nadhani.

"Bon. Ziko mbili zinagawa. Simu ya mugeni moja imepewa namba ya kompyuta, donc vinapigana."

Yaani ile nywila niliyogawa kwa mbwembwe ndiyo iliyomnyonga Mjomba! Patrice akagusagusa simu yake dakika mbili, kazi ikaisha. Mimi nikatoka chini ya meza, yeye akanifuata kinyumenyume. Mjomba akarudi hewani wakati huohuo, na kitu cha kwanza alichokiona ni matako ya bwana harusi.

"Nani ule iko chini ya meza yetu?"

Msemaji wa wakwe, mzee mpole kabisa, akajibu: "Ni ule kijana mulikataa. Anatengeneza wifi ya kijana wenu."

Mjomba akanitazama. Hema zima likanitazama. Mkononi nimeshika waya wa spika.

"Bon," akasema Mjomba. "Solange tumemutoa. Lakini Patrice abaki hapa kwetu. Mahali pake, muende na ule wetu."

Vigelegele! Na aliyeanza kupiga makofi ni Mama, mzazi wangu wa damu.

Mzee wa wakwe akasimama, akatengeneza koti. "Solange tunamushukuru. Ule mwingine, hatumutake."

Na yeye sababu alizitoa zote, moja baada ya nyingine, mtandao ukiwa safi kabisa.

Haya, chekeni. Lakini atakayezidisha, nakuja kwake kesho kumwekea wifi.