Jinsi Fabiola wa Ndosho Alivyotwaa Firigisi kwa Mchezo Uliokwisha Kuzikwa

Zimeni pikipiki zenu, enyi mashujaa mnaozunguka rond-point. Tueni mizigo ya chukudu, baiskeli zenu za mbao, enyi wabeba makala ya jikoni. Nanyi mama wauza ndizi, mnaojua habari kabla haijatokea, nyamazeni leo, maana hii hamnayo! Namtangaza Fabiola binti Léopold, Mvunja-Kiburi, Mgusa-Kompyuta kwa Mikono Iliyonawiwa. Nawe Betri, uliyeshibishwa kwa umeme wa jirani, usinizimikie katikati ya sentensi.

Palikuwa na mfalme katika nyumba ile, naye ni Bashige, kaka mkubwa wa Fabiola, Simba wa Penalti. Zamani za uanafunzi wake aliketi katika cyber moja ya mtaa wa Mabanga, akaucheza mchezo wa penalti wa kwenye mtandao hata jina lake likakaa juu ya majina yote. Kisha Flash, ile programu iliyoupa mchezo huo pumzi, ikaachwa na wenyewe, vivinjari vyote vikaifungia mlango, mchezo ukafa. Basi Bashige akabaki bingwa wa milele, kwa kuwa hapakuwa tena na uwanja wa kumshindia. Na Papa Léopold, ambaye magego yamemwasi, alikuwa ametangaza kwamba firigisi ya kuku, heshima ya mwenye nyumba tangu mababu wa nchi ya Bushi, itamwendea bingwa wa nyumba. Kila kuku aliyechinjwa, Bashige alitafuna firigisi, huku akisimulia. Fabiola alikula shingo, huku akisikiliza.

Ikawa Jumapili moja baada ya misa, kuku akitokota juu ya makala, Fabiola akaifungua kompyuta ya mama yao, Mama Cibalonza, hazina ambamo nyimbo zote za kwaya zimelala. Na ole wake atakayeiingizia virusi, kwa maana mama yule akikasirika hata sufuria hujificha. Fabiola akautafuta ule mchezo wa penalti. Mara ukurasa mmoja ukamtokea na kitufe chekundu kikipepesa: “Flash yako imezeeka! Bonyeza hapa uipate mpya!”

“Finya, leki,” Bashige akamwambia mdogo wake kwa sauti tamu ya nyoka wa Edeni. “Unaogopa nini? Ni bouton tu.”

“Yaya,” Fabiola akamjibu kaka yake, “Flash ilikufa, na matanga yake tulishamaliza. Tangu lini mufu anaomba mise à jour? Huyu ni mwizi amevaa nguo za marehemu!”

Akaufunga ukurasa ule kama afungaye lango la mji mbele ya majeshi. Akaiendea mtandaoni maktaba ya wale wanaohifadhi michezo ya kale, akateremsha faili la mchezo pamoja na programu ndogo inayoiga Flash bila kuwa Flash, mithili ya shemeji anayeiga sauti ya marehemu ili kuchekesha wafiwa. Akavipitisha vyote mbele ya antivirus, askari asiyepokea rushwa. Ndipo akaikata connexion ya simu yake, iliyokuwa ikiipa kompyuta mtandao.

Bashige akacheka hata akashika mbavu. “Umekata réseau? Sasa muchezo itatembea na nini? Na makala ya mama?”

“Muchezo iko ndani ya machine, yaya. Weye njo uko inje.”

Mstari wa kupakia mchezo ukajaa taratibu, na tazama, uwanja ukafufuka: nyasi za kijani cha kutisha, golikipa mwenye kichwa cha mraba! Bashige akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekutana sokoni na mdai wake wa zamani. Papa Léopold akasogeza kiti awe refa. Mashuti matano kwa kila shujaa. Bashige, ambaye mkono wake ulilelewa na souris, kile kipanya cha cyber, akaipapasa touchpad kama atafutaye sindano kwenye unga; akafunga matatu. Fabiola naye akafunga matatu, akabakiwa na shuti moja.

Hapo umeme ukakatika mtaa mzima wa Ndosho. Redio za majirani zikakata roho.

“Courant imeenda!” akaruka Bashige. “Réseau imekufa, match imekufa! Papa, uko shahidi, firigisi ni yangu!”

Lakini kompyuta iliishi kwa betri yake, na mpira ungali juu ya nukta yake, ukimeremeta, usijue kwamba dunia imezimika. Fabiola akanyoosha kidole. Akagusa. Golikipa akaruka kushoto kwa fahari kubwa. Mpira ukaingia kulia.

Papa Léopold akasimama, akakohoa kikohozi cha mikutano. “Mbele ya Mungu na mbele ya sufuria hii, nasema: mutoto amefufua uwanja, hakuharibu machine ya mama yake, na amefunga. Mumupatie firigisi!”

Akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ngumu kama jiwe la volkano, naye akaitafuna mpaka taya likalia, asikiri mbele ya adui kwamba shingo ni tamu zaidi.

“Revanche!” akanguruma Bashige, akidai marudiano Jumapili nyingine. “Yenga ijayo!”

“Yenga ijayo tunakula sambaza,” akasema Mama Cibalonza, akikusanya sahani.

Na kwa kuwa Muumba, alipowajaza sambaza, wale samaki wadogo, ziwani Kivu, hakuwapa hata mmoja firigisi, basi vizazi na vijue kwamba siku ile ufalme ulihama kiti, na mwenye kunyang'anywa hakuwa na chombo cha kuurudishia.