Kitongoji Kisicho na Ng'ombe

Mwaka ule sabuni ilipoadimika hata harusi zikawa zinanuka jasho, wataalamu wawili walifika Moshi kutoka Dar es Salaam kupima kama wananchi wanaendelea. Walikuja na Landrova, marundo ya fomu, na swali ambalo lilimfanya Gidioni aweke chini kikombe chake cha chai pale stendi.

"Mzee, mwaka huu maisha yako yamekuwa bora, bora zaidi, au bora sana?"

Mzee aliyeulizwa, muuza ndizi, alijibu kwamba meno yanamuuma. Wakaandika "bora".

Siku ya pili petroli iliwaishia, wakarudi Dar kwa treni. Fomu zilibaki hotelini, na Gidioni alikuwa na rafiki jikoni kwenye hoteli hiyo.

Tusimwite Gidioni mwizi. Mwizi huvunja mlango, lakini Gidioni alifunguliwa, akakaribishwa na kupewa kigoda. Ila alikuwa ametimiza miaka arobaini bila kihamba, yaani shamba la ukoo, wala mke, na alichokitaka duniani ni kitu kimoja tu: pikapu kuukuu iliyokuwa ikiuzwa kwenye gereji ya Kulwant, yule Singasinga wa karibu na stesheni. Kila jioni aliingia akashika usukani wake, akaenda hadi Tanga na kurudi bila kuondoka gereji. Kulwant alimwambia wazi kwamba mwisho wa mwezi atamuuzia mtu mwingine.

Kwa hiyo Gidioni alipanda Kilema akiwa na zile fomu mkononi, kalamu nne mfukoni na futi ya fundi cherehani shingoni, maana mtu anayekuja kupima lazima aonekane na kipimo. Watu walikusanyika uani kwa Mektrida, mjane mmoja mfupi mwenye sauti ndogo.

"Taifa linapima hali yake," Gidioni alitangaza. "Bati ni alama tano. Redio, alama nane, hata kama haina betri. Ng'ombe, alama ishirini. Nyumba ikipita alama thelathini, hiyo imeshaendelea. Na sabuni na sukari zitakwenda kwanza kwa wale ambao bado."

Nimewahi kuona watu wakiyakimbilia maendeleo, lakini sijapata kuona wakiyakimbia kwa kasi ile. Basili, jirani wa Mektrida, alirudi kwake mbio akaifunika redio kwa kapu. Mwingine aliulizana na mkewe kama bati linaweza kushuka kabla ya saa kumi. Ng'ombe ndio walikuwa taabu kubwa. Huku mlimani ng'ombe hachungwi, anafugwa ndani na kuletewa majani, na mpimaji asipoingia hamwoni. Gidioni aliingia kila nyumba.

"Unao wawili, mama?" alimuuliza Mektrida.

"Wawili, mwanangu. Marehemu alishapumzika, wamebaki hawa kunisumbua."

"Basi umeendelea mno. Sabuni utaisikia kwenye redio ya jirani."

"Mae! Sasa nifanyeje?"

Gidioni aliangalia kushoto na kulia. "Nina jamaa yangu Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Mabua ni tele. Nitawashusha wakae huko mpaka hesabu ipite. Hapa naandika sifuri."

"Na malipo yako?"

"Kulitumikia taifa, mama. Hayo yananitosha."

Mektrida alifikiri. "Sawa. Ila kwetu ng'ombe hahami kimya kimya. Tunamweka kwa mtu. Anayewekewa anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya mashahidi. Maziwa na mbolea ni vyake, ng'ombe na ndama ni vya mwenyewe."

Ng'ombe wa bure, na mbege juu! Gidioni alikunywa kibuyu kizima mbele ya Sirili, shemeji wa Mektrida na mwenyekiti wa kijiji. Wengine wakaona Mektrida ametoa, nao wakatoa. Sirili akaomba nakala ya fomu, na Gidioni, ambaye hakukataa kamwe jambo lililompa sura ya serikali, akaisaini na kuigonga muhuri aliouchonga kwenye kisigino cha kandambili. Ng'ombe: sifuri.

Aliteremka na ng'ombe saba. Kiangazi kilikuwa kimewachosha, na mbavu zao zilihesabika bila fomu yoyote. Gidioni hakujali. Machoni pake alikuwa akiswaga pikapu.

Aliikwepa Himo, kwa kuwa huko ng'ombe wa Kilema wanajulikana kwa majina. Akalala Mabogini, kisha akawapeleka mnadani Kwa Sadala, ambako karani wa mnada, Elifuraha, alimdai barua ya kijiji. Gidioni alikuwa nayo, na muhuri wake ulikuwa bado unanukia kandambili.

"Kilema," Elifuraha alisoma. Akafungua droo, akatoa karatasi. "Wilaya imetuletea hesabu mpya juzi, kutoka kwa mwenyekiti wa huko. Kitongoji hiki hakina ng'ombe."

"Hesabu imekosewa."

"Hesabu ya serikali?"

"Mangi wangu, si hawa hapa wanakojoa mbele yako!"

"Mimi nawaona. Wilaya haiwaoni. Kama si wa Kilema, umewaiba wapi?"

Neno hilo mnadani halihitaji kurudiwa. Vijana wenye fimbo walianza kusogea, na mmoja alikuwa tayari anavua saa yake isije ikavunjika. Gidioni aliogopa kweli.

"Mwanangu, umewatembeza mbali, aisee," sauti ndogo ilisema. Alikuwa Mektrida, na Sirili nyuma yake, miguu yao imejaa vumbi la kumfuata tangu Mabogini.

"Shikamoo, mama!" Gidioni alikaribia kuimba.

"Marahaba."

"Unamjua huyu?" Elifuraha aliuliza.

"Amekunywa mbege yangu. Ni mfugaji wetu wa Mabogini." Akamgeukia Gidioni taratibu. "Au sivyo? Kama sivyo sema, tuwaachie vijana."

"Ndivyo, mama. Ndivyo kabisa."

Elifuraha akaandika: Mabogini, ng'ombe saba, mfugaji Gidioni. Vijana wakarudi kwenye mbuzi wao wakinung'unika.

Njiani kurudi Mabogini, Gidioni aliuliza, "Mama, mlinijuaje?"

"Mtu wa serikali hakosi kuomba kuku. Wewe hukuomba hata yai." Mektrida alimpapasa ng'ombe mmoja shingoni. "Kiangazi hiki majani yamekwisha, na mimi siwezi tena kupanda mlima na mzigo. Nilikuwa nachagua yupi kati ya hawa wawili afe. Nililia, mwanangu. Halafu ukaja wewe, una miguu mizuri."

Sirili aliongeza kwa upole kwamba atashuka kila Jumapili baada ya misa kuwasalimia ng'ombe, na kwamba ile nakala yenye saini na muhuri ameihifadhi, kwa sababu polisi wanapenda sana mihuri.

Mwezi ukaisha. Pikapu ya Kulwant ilinunuliwa, ikawa inapita Mabogini imejaa mpunga huku Gidioni akiipisha kando ya barabara. Ng'ombe walinenepa, na mmoja wa Mektrida akazaa.

Kabla ya masika petroli ilipatikana, na serikali ikaleta mpimaji mwingine, dada mmoja mwenye miwani. Alimkuta Gidioni njiani na mzigo wa majani kichwani, ng'ombe wakimfuata.

"Ng'ombe saba na ndama. Ni wako?"

"Si wangu, dada. Ni wa watu wa Kilema." Ulikuwa ukweli mtupu, na ulimtoka kwa shida, kwa kuwa hakuwa amezoea.

Dada akapekua karatasi zake. "Kilema kule hawana ng'ombe." Akatabasamu. "Kila tajiri huniambia si wake."

"Wallahi, dada!"

"Hali ya maisha Mabogini imepanda," alisema akiandika. "Na wenye ng'ombe zaidi ya watano wanachangia simenti ya zahanati. Wewe, mifuko kumi."

Gidioni alifungua mdomo apinge, lakini ndama wa Mektrida alikuwa amemfikia kwa nyuma, anavuta majani kichwani pake.