Nzi wa Saluni ya Deka

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo nimeacha umaskini. Imebaki utekelezaji tu.

Mzungu wa visima, yule anayewachimbia wakimbizi maji kule Hagadera, alisimama hapa Garissa kuziba gurudumu. Akanifungulia kikebe chake. Ndani: nzi! Si nzi wa kweli. Ni ndoana ndogo zilizozungushiwa manyoya na uzi hadi zikafanana na wadudu. Samaki wa mito ya baridi ya Mlima Kenya wanazirukia wenyewe. Alisema wapo watu huko wanaoishi kwa kufunga nzi hawa, na wanunuzi wako Ulaya. Nikamwambia kufunga ndiyo kazi yangu. Uongo, lakini wa siku moja tu, kwa kuwa kesho nitakuwa najua. Ameniachia ndoana na nzi mmoja wa mfano. Atapita tena Jumapili.

Shuaib wa duka la vitambaa akaniuliza mbele ya watu kama nimehamia kufuga nzi baada ya sungura kunishinda. Walicheka wote. Mimi, Yahye, mwenye cheti cha kidato cha nne, nachekwa na mtu anayepima kitambaa kwa mkono.

Jumanne, 4 Juni

Vifaa. Saluni ya mke wangu Deka imejaa vifaa vinavyolala bure kila siku hadi wateja waje. Ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlangoni pazia zito, na wateja wakiwemo mwanamume haingii. Ndiyo inayotulisha. Deka hunikumbusha kila ninaponawa mikono kula.

Baada ya sala ya alfajiri nimeazima vibanio vya nywele (vinashika ncha ya unyoya vizuri ajabu), mkasi mwembamba, chanuo na sindano ya kushonea nywele. Sikumwamsha kumwuliza. Nilimwonea huruma.

Manyoya yametoka kwa jogoo wetu mweupe. Alipinga. Sasa hana mkia.

Deka amekubali kwa shingo upande. Akasema nichukue chochote ila mfuko mweusi. Kila unywele unaoanguka saluni huingia mfukoni humo, na Alhamisi jioni yeye huzizika nywele hizo nyuma ya nyumba. Nywele za mwanamke, hata zikishaanguka, si za macho ya wanaume wengine, wala zisifike mikononi mwa mwenye nia mbaya. Wanawake wanamwamini kwa hilo. Wakisikia umepotea unywele hata mmoja, akasema, saluni imekwisha na sisi tumekwisha. Nikamwambia nimesikia. Nani anataka takataka?

Jumatano, 5 Juni

Rangi. Manyoya ya jogoo yana mafuta, hayashiki rangi. Nikafikiri kisomi: nywele kaidi hutiwa dawa ya kulainisha. Nikayachovya katika dawa. Niliporudi nilikuta uji. Mkia mzima, uji. Jogoo alikuwa akinitazama.

Nikaenda machinjioni kwa makorongo. Kule ndege hao ni wengi kuliko wachinjaji, wamesimama na vipara vyao kusubiri matumbo. Manyoya ya chini ya mkia wao ni laini kama pamba. Yananuka. Nikayaosha, nikayachemsha kwa hina ya Deka na siki kidogo, nikayakausha kwa mashine ya nywele. Rangi ikashika! Harufu nayo ikashika. Mteja wa kwanza aliwekwa chini ya mashine hiyo hiyo, akatoka mbio ameziba pua.

Deka hakunigombeza. Alisugua mashine kwa ndimu hadi adhuhuri. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 6 Juni

Nzi wangu wana mabawa ila hawana matumbo. Yule wa mfano ana tumbo la nywele laini zilizosokotwa juu ya uzi. Nimejaribu za mbuzi: ngumu. Za paka: mkono wangu una mistari hadi kiwiko. Za ngamia wa jirani: sitaki kuandika.

Alasiri Deka alitoka kununua ndimu nyingine. Mfuko mweusi ulikuwa nyuma ya mlango ukisubiri kuzikwa. Nilifungua kutazama tu. Nywele nyeusi, laini, na kati yao fungu la hina, jekundu la kutu, lenye mvi kidogo shinani. Uzuri ule unakwenda mchangani? Nilichukua kidogo. Mfuko haukuonyesha kupungua.

Jioni Deka amezika, akarudi na udongo mikononi. Akaniuliza mbona natabasamu.

Ijumaa, 7 Juni

Nzi wangu mwekundu anamshinda wa mzungu. Baada ya sala ya Ijumaa niliwapeleka nzi hotelini, nikawapanga mezani kati ya vikombe vya chai. Wanaume wakajazana. Hakuna aliyetaja sungura.

Akaja Shuaib. Akamchukua yule mwekundu, akamsogeza kwenye mwanga, akamgeuza geuza. Nikajua ni kijicho. Akaniuliza polepole nywele hizo nimezitoa wapi. Nikasema ni siri ya biashara. Akauliza tena. Nikamwambia wapo waliojaliwa saluni na wapo wasiojaliwa. Akamfunga nzi katika leso, akaondoka, chai hakuimaliza. Mwizi mkubwa.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi Safiyo, mke wa Shuaib, alikuja saluni na mama yake. Hawakuketi. Kumbe nywele nyekundu ni zake. Ningejuaje? Sijawahi kuona hata sikio lake. Hilo ndilo jambo lenyewe, Deka aliniambia baadaye: rangi ile alikuwa akiijua mumewe peke yake, na sasa inajulikana na hoteli nzima.

Safiyo alilia. Alisema, "Abaayo, dada yangu, kichwa yangu nilikupatia wewe." Nikajaribu kumsaidia Deka. Nikasema nikiwa upande wa pili wa pazia kwamba nywele zilikuwa zimeshaanguka, na kwenye ndoana zimependeza sana. Haikusaidia.

Hadi alasiri hakuja mteja hata mmoja. Deka alikaa kwenye kiti cha wateja akijitazama kiooni. Kisha akafagia, akafunga mashine yake ya nywele kwa shuka, akapanda basi la Habaswein kwa adeer Jelle, ami yake aliyemlea. Picha ya harusi ameiacha ukutani.

Jumapili, 9 Juni

Mzungu amekuja. Nzi wa korongo aliwanusa akiwa bado garini. Akacheka kwa adabu, akasema nimejitahidi. Akauliza kama sina wenye tumbo jekundu la kutu, maana samaki wa kule wanalipenda kuliko yote. Nikamwambia alikuwepo mmoja, ameibiwa. Akasema nikimpata mwingine kabla ya mwezi kwisha, ataagiza wengi.

Nimepiga magoti saluni nzima. Sakafu safi, hata unywele mmoja hakuna.

Nyumba ina ukimya mbaya. Nimekula mkate mkavu. Namtaka mke wangu arudi, na hilo naliandika wazi.

Jumatano, 12 Juni, Habaswein

Nimefika kwa lori, vumbi hadi kooni. Adeer Jelle amenipa maziwa, akawaita wazee, tukaketi mkekani. Deka alikuwa nyuma ya turubai. Niliona vidole vya miguu yake chini ya ukingo.

Adeer alisema kwa upole kwamba Deka haombi talaka. Anaomba nitamke mbele yao kwamba nywele zile zilikuwa amana na nimeivunja, na kwamba nitakwenda na wazee kwa Shuaib na Safiyo kuomba radhi. Akisikia hayo, kesho anarudi nami Garissa. Rahisi! Nilikuwa tayari kabisa. Maneno yalikuwa mdomoni.

Adeer akainama ili anisikie vizuri, na jua likampiga ndevuni. Hina. Nyekundu ya kutu, mvi shinani, laini, tele. Na ni ndevu za mwanamume, mtu yeyote anaziona, aibu iko wapi? Nikamwuliza anazipunguzia kwa kinyozi gani, na zinazokatwa zinatupwa wapi.

Wazee walitazama mkeka. Vidole vya Deka vikaondoka chini ya turubai, na sikuviona tena.

Naandika haya juu ya lori, peke yangu, narudi Garissa. Ukoo mzima hauna hata mtu mmoja mwenye akili ya biashara. Mbele yangu, juu ya magunia, amelala mzee mwenye ndevu nzuri kuliko za adeer. Nimesogea karibu kidogo.